Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: mita 1,100 kati ya nyumbani na shule

Kwa: Mkurugenzi, Halmashauri ya Manispaa

Nakala: Mheshimiwa Diwani wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani wa Wilaya

YAH: MAZINGIRA YA MTAA YANAYOWAZUIA WATOTO KUTEMBEA KWENDA SHULE

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa maneno hayo hayo tulianza barua zetu tatu zilizotangulia, ya Machi, ya Juni na ya Agosti mwaka huu, ambazo zote zilipokelewa na kugongwa muhuri katika masjala ya ofisi yako na nakala zake ninazo. Mara mbili nilifika mwenyewe kuulizia, na mara zote mbili nilijibiwa kwa adabu kwamba faili liko kwa mhandisi. Faili limekaa kwa mhandisi tangu masika, sasa vuli imeingia, na watoto wanaendelea kupita pale pale. Kwetu mstaarabu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka. Sisi tumekwisha kupiga hodi tatu lakini hatuna pa kuondokea, kwa kuwa mtaa ni wetu na watoto ni wetu. Ndiyo sababu kamati ya wazazi imeniagiza niandike barua hii ya nne hadharani, bila nia yoyote ya kukuvunjia heshima wewe wala wasaidizi wako.

Sitataja hapa jina la mtaa, la shule wala la barabara. Mwalimu mkuu na walimu wenzake wametusaidia kadiri walivyoweza, na nisingependa waitwe kuulizwa kwa nini wazazi wanaandika. Wewe unaufahamu mtaa huu, kwani mchoro tulioambatisha katika barua ya pili unaonyesha kila mtaro na kila nguzo ya umeme. Kwa wasomaji wengine inatosha kusema kwamba tuko pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, katika mojawapo ya kata zilizokuwa mashamba ya minazi na mikorosho na ambazo leo zimejaa nyumba na fremu za biashara; nadhani wengi wataona kama nimeandika habari za kwao.

Hoja yetu ni moja. Mtoto hatembei kwenda shule kwa sababu ameambiwa atembee, wala haachi kutembea kwa sababu ni mvivu au anadekezwa. Anatembea au anaacha kulingana na jinsi barabara, kuta, mitaro na watu wa njiani wanavyompokea. Binti yangu alipoanza darasa la kwanza alikuwa akitembea na wenzake wanne wa nyumba za jirani, kila mmoja na fagio lake la chelewa siku za usafi, na walifika kabla ya kengele. Leo yuko darasa la nne, miguu yake imerefuka na akili imepevuka, lakini anakwenda shule kwa bajaji akiwa amebanana na wenzake sita. Umbali haujaongezeka hata hatua moja: ni mita 1,100 kutoka mlangoni kwetu hadi getini, nimezipima kwa simu na nikazirudia kwa miguu yangu. Kilichobadilika ni kilichopo kati ya milango hiyo miwili, na malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Mwendo wa magari. Barabara yetu ilipowekwa lami miaka mitatu iliyopita nilikuwa miongoni mwa wanawake waliopiga vigelegele. Vumbi liliisha, mafua ya watoto yalipungua, na daladala zilianza kutufikia. Hatukutambua wakati ule kwamba mashimo tuliyoyalaani kwa miaka mingi ndiyo yaliyokuwa matuta yetu, kwa kuwa yalimlazimisha dereva kwenda taratibu apende asipende, na mtoto akapata nafasi ya kuvuka. Lami ilikuja bila tuta hata moja katika kipande kilicho mbele ya shule. Ilikuja na mistari ya pundamilia iliyofutika kabla mwaka haujaisha, na kibao kimoja chenye picha ya watoto wanaovuka, ambacho sasa kimefunikwa nusu na bango la mganga wa kienyeji.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kwetu kikomo hicho hakifuatwi. Lakini hata kingefuatwa, mbele ya shule kisingetosha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 65 kwa saa yuko katika hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi ya yule anayegongwa kwa mwendo wa kilomita 50. Azimio la Stockholm la Februari 2020, ambalo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililiunga mkono mwaka huo huo, linataka kikomo kiwe kilomita 30 mahali ambapo magari na watu wa miguu huchanganyika mara kwa mara, isipokuwa pawe na ushahidi madhubuti kwamba mwendo zaidi ya huo ni salama. Sidhani kuna mtu anayeweza kuleta ushahidi wa namna hiyo kuhusu barabara yetu.

Naomba nieleze asubuhi moja tu. Jumanne ya wiki ya pili ya Oktoba, saa kumi na mbili na dakika arobaini, nilisimama na binti yangu mahali palipokuwa na pundamilia. Yalipita magari kumi na saba, pamoja na bodaboda ambazo sikuweza kuzihesabu, kabla lori moja la mchanga halijasimama. Dereva wake, Mungu ambariki, alitoa mkono dirishani akatuashiria tupite. Tulipofika katikati, bodaboda ikachomoka nyuma ya lori kulipita kwa upande wa kulia, na mimi nikamvuta mtoto kwa kamba ya mkoba. Kamba ilikatika, mtoto akabaki. Kamba nimeishona siku hiyo hiyo kwa uzi wa katani, lakini tangu asubuhi ile hajatembea tena kwenda shule, na sina ujasiri wa kumlazimisha.

2. Njia ya pembeni na mtaro. Kati ya lami na mtaro kuna upana wa kama mita mbili ambao wakati wa mradi tulielezwa kwamba ni njia ya waenda kwa miguu. Katika mita 1,100 nilizopima, mtoto anaweza kuitumia njia hiyo kwa kipande kisichofika mita 300. Kwingineko kuna rundo la kokoto na matofali ya mtu anayejenga ghorofa kwa mwaka wa pili sasa, kuna gereji bubu mbili ambazo magari yao mabovu yamekaa hadi majani yameota chini yake, na mbele ya fremu kuna magari yaliyoegeshwa kwa kuelekeza pua mtaroni, nyuma zake zikiwa zimeingia barabarani. Mtoto anapofika hapo hana hiari, anashuka kwenye lami, akiyapa mgongo magari yanayotoka nyuma yake.

Mtaro wenyewe una kina cha kumfika mtoto wa darasa la pili kifuani na hauna mifuniko isipokuwa mbele ya nyumba za waliojitengenezea wenyewe. Siku za kawaida ni kero na harufu. Mvua ikinyesha sana maji hujaa hadi mtaro na barabara vikawa kitu kimoja, na hapo mtoto hawezi kujua anakanyaga wapi. Mwezi Aprili mvulana mmoja alitumbukia. Aliokolewa na fundi viatu anayekaa pale kona, ambaye alimshika kola ya shati na kumtoa, na madaftari yake yalianikwa juu ya meza ya fundi hadi mchana. Kiatu kimoja kilipatikana kwenye kalavati, cha pili hakikupatikana. Tuliieleza habari hii katika barua ya Juni, na fundi yuko tayari kuisimulia mbele ya yeyote utakayemtuma.

3. Uchochoro na kuta. Ipo njia ya mkato inayopunguza kama mita 300 na isiyogusa barabara ya lami isipokuwa mwishoni. Zamani ilipita kando ya kiwanja cha wazi chenye mwembe mkubwa, ambapo jioni vijana walicheza mpira na asubuhi palikuwa na mama wa vitumbua, watu wakichota maji bombani, na mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona bila redio. Wazazi hatukuwa na wasiwasi na njia ile, kwa kuwa mtoto hakupita pale hata dakika moja bila kuonekana na mtu anayemfahamu mama yake. Leo kiwanja kimezungushiwa ukuta wa ghala, upande wa pili kuna nyumba zenye uzio wa karibu mita tatu uliopandwa vipande vya chupa, na kilichobaki ni korido yenye upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, isiyo na taa wala dirisha linaloitazama, yenye kona moja katikati. Wavulana wakubwa huipita wakikimbia. Wasichana hawaipiti. Binti wa jirani yangu, aliye darasa la sita, aliniambia hivi: “Mama, pale ukipiga kelele inakurudia mwenyewe.”

Nimekulia Tanga, katika mtaa ambao kila nyumba ilikuwa na baraza mbele, na kabla sijafika shuleni nilikuwa nimetoa shikamoo kwenye mabaraza yasiyopungua kumi. Siku moja nilijaribu kutoroka nikarudishwa nyumbani na baraza la nne. Sisemi kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema. Magari yalikuwa machache, na hilo si sifa ya mtu. Ninachosema ni kwamba mtoto hulindwa na nyumba zinazotazama njia, na katika mtaa wetu nyumba mpya zote zimeipa njia mgongo. Aliyeidhinisha ukuta wa ghala bila shaka aliangalia mipaka ya kiwanja na akaona iko sawa. Mchoro wa mipangomiji uliokuwa umebandikwa zamani katika ofisi ya mtaa ulionyesha pale kuwa eneo la wazi. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 imeweka utaratibu wa kubadilisha matumizi ya ardhi, na tangu Juni tunaomba kitu kimoja tu: tuonyeshwe kwamba utaratibu huo ulifuatwa.

4. Kivuli. Barabara ilipopanuliwa ilikatwa miarobaini yote ya upande wa shule. Wanafunzi wa zamu ya mchana huondoka nyumbani saa tano na nusu, jua likiwa linaelekea utosini, na anayejua Dar es Salaam ya Januari na Februari anajua lami inavyochemka saa hizo. Tuliahidiwa miti mingine. Vilikuja vigingi vya kuonyesha mahali itakapopandwa, na vigingi hivyo vimekwisha kuwa kuni.

5. Mashine za kamari. Kati ya geti la shule na kituo cha daladala kuna mashine tatu za kubahatisha zilizowekwa nje ya maduka, kwenye kimo cha mtoto. Sheria inakataza walio chini ya miaka 18 kucheza, na bado sarafu za maandazi zinaishia humo. Sitalirefusha jambo hili kwa sababu kulirekebisha kunahitaji ziara moja ya afisa biashara.

Ndugu Mkurugenzi, mambo haya hayakai kila moja peke yake. Yanaungana na kumwondoa mtoto njiani, kisha kuondoka kwake kunaiharibu njia zaidi. Bajaji ya binti yangu inanigharimu shilingi 30,000 kwa mwezi. Ninazimudu kwa taabu, jirani yangu mwenye watoto watatu hazimudu, na kwa hiyo watoto wake wanaendelea kutembea, sasa wakiwa wachache zaidi na bila wenzao wa kuwasindikiza. Bajaji niliyoikodi ili kumwokoa wangu inakuwa chombo kingine kinachowatisha wake. Fika mbele ya geti saa moja na dakika kumi asubuhi uone: bajaji zimepangana mistari miwili, gari la baba fulani limesimama katikati likisubiri mtoto amalize kufunga kamba za viatu, bodaboda zinapenya, na katikati ya hayo yote wanapita watoto wa darasa la kwanza wenye dumu la maji mkono mmoja na fagio mkono wa pili, wakitafuta upenyo. Daladala nazo si kimbilio, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo na makonda wengi huwaacha watoto kituoni wakawapakia watu wazima.

Liko pia suala la afya na mazoea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, dakika 60 kila siku za shughuli za mwili zinazoharakisha mapigo ya moyo. Kwa mwendo wa mtoto, safari ya kwenda na kurudi katika njia yetu ni kama dakika 40, yaani sehemu kubwa ya mahitaji hayo ingepatikana bila ada, bila kocha na bila uwanja. Na uwanja kweli haupo, kwa kuwa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 wanafunzi wameongezeka na madarasa mapya yamejengwa juu ya sehemu ya uwanja wa shule, jambo ambalo silipingi kwa sababu watoto walikuwa wanakaa chini. Jumamosi iliyopita nilimtuma binti yangu dukani, mita 200 kwenye njia ya ndani isiyopita magari. Aliniuliza kama bajaji itakuja. Nilicheka mbele yake, kisha nikaingia jikoni nikakaa kimya, kwa sababu nilitambua kwamba kwa miezi michache tu mtoto aliyekuwa akitembea kilomita mbili kwa siku amefika mahali pa kuona mita 200 ni safari.

Kwa kuwa tumesubiri muda mrefu, tumepata wasaa wa kufikiria majibu ambayo pengine yameandaliwa, na tunaomba kuyajibu mapema.

Huenda tukaambiwa kwamba barabara si mali ya Manispaa bali ni ya wakala wa barabara. Ni kweli, na ndiyo maana barua ya Agosti tuliipeleka kote kuwili. Lakini kibali cha ghala hakikutolewa na wakala, leseni za maduka yenye mashine hazikutolewa na wakala, na kokoto za ghorofa zimelala chini ya kibali cha ujenzi chenye muhuri wa Manispaa. Isitoshe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mamlaka ya serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake, na sheria hiyo haisemi kwamba wajibu unaishia ukingoni mwa lami. Mwenye uwezo wa kumwita wakala mezani ni wewe. Sisi tukimwita haji.

Huenda tukaambiwa hakuna bajeti. Hatuombi barabara ya juu wala taa za kuongozea magari. Shirika la Amend, lisilo la kiserikali na linaloshughulikia usalama barabarani, limefanya marekebisho kuzunguka shule kadhaa hapa hapa Dar es Salaam kwa vitu vya kawaida kabisa: matuta, njia za miguu, nguzo fupi za kuzuia magari, alama za kuvukia, na mahali pengine kuhamisha geti la shule kutoka barabara yenye magari mengi kwenda upande uliotulia. Mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross kwa ajili ya miji, inayotolewa na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI), mwaka 2019, na utafiti uliolinganisha maeneo yaliyofanyiwa marekebisho na yasiyofanyiwa ulionyesha kwamba majeraha ya watoto yalipungua kwa karibu robo. Dawa imetengenezwa katika jiji letu wenyewe, ikasifiwa na wageni, na sisi tulio kilomita chache kutoka zilipo shule hizo hatujaionja.

Huenda tukaambiwa kwamba wazazi ndio wanaopaswa kuwafundisha watoto. Tunawafundisha. Huja Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, watoto huimba na kupewa vipeperushi, na binti yangu anaweza kukariri “tazama kulia, kushoto, na kulia tena” hata usingizini. Lakini mtoto wa miaka saba bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya pikipiki inayomjia, na kwa kimo chake haoni juu ya boneti ya gari lililoegeshwa. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na haiwezekani wote hao wawe walikosa somo.

Jibu la mwisho ndilo ninalolihofia zaidi, kwa sababu linaweza kugeuzwa utekelezaji: kwamba tunataka wafanyabiashara wadogo waondolewe. Hapana. Ilipofanyika operesheni ya kusafisha barabara mwaka juzi, walioondolewa ni mama wa vitumbua, muuza magazeti na wauza matunda, yaani wale wale waliokuwa macho ya mtaa asubuhi, huku magari mabovu na kokoto vikiachwa. Meza ya mama wa vitumbua inachukua nafasi isiyozidi ya mkeka wa kuswalia, na mtoto anapita pembeni yake akisalimia. Gari moja bovu linachukua nafasi ya meza sita na halimjui mtoto wa mtu. Tunaomba tofauti hii izingatiwe, na ikiwezekana mama wa vitumbua arudishwe, kwa sababu tangu aondoke uchochoro umekosa hata ule mwanga wa jiko lake.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Kabla shule hazijafunguliwa Januari, yawekwe matuta pande zote mbili za geti la shule, pundamilia ichorwe upya kwa rangi inayodumu, kibao kifunuliwe, na kikomo cha kilomita 30 kiwekwe na kusimamiwa na askari wa usalama barabarani walau saa moja asubuhi na saa moja wakati wa kubadilishana zamu. Katika muda huo huo kokoto na magari mabovu yaondolewe, zipandwe nguzo fupi za zege ili njia ya miguu isigeuzwe tena maegesho, na mashine za kamari zitolewe mbele ya shule. Hizi si kazi za kusubiri mwaka mpya wa fedha.

Kabla ya masika, mtaro ufunikwe katika kipande chote cha mita 1,100, au kama hilo ni zito, basi walau mita 400 zilizo karibu na shule, ambako watoto kutoka pande zote hukutana. Katika uchochoro zifungwe taa mbili za sola, na mwenye ghala atakiwe kutoboa sehemu ya ukuta na kuweka nondo mahali pa tofali, ili pale kwenye kona watu waonane. Kuhusu kiwanja chenyewe, tunaomba nyaraka za mabadiliko ya matumizi, na tutazisoma kwa nia njema. Tunaomba vilevile mhandisi na afisa elimu waangalie pamoja uwezekano wa kufungua geti la pili upande wa nyuma wa shule, unaopakana na njia ya ndani, kwani walimu wanatuambia kwamba theluthi mbili ya wanafunzi wao hutokea upande huo na kuzunguka hadi barabarani kwa sababu ya ukuta tu.

Sisi nasi hatukukaa bure. Tumechangishana miche 40 ya miarobaini na mikungu ambayo iko katika ua wa nyumba ya mjumbe ikisubiri kuonyeshwa mahali pa kuipanda bila kukatwa tena, na kila familia imekubali kumwagilia mche wake kwa miaka miwili. Wazazi sita wamejitolea kusimama kwa zamu kwenye kivuko na vibendera. Tunaomba wapatiwe mafunzo ya siku moja na vizibao vinavyong'aa, maana vibendera vyetu ni khanga iliyokatwa na saa kumi na mbili asubuhi haionekani.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, yakipitia ofisi ya serikali ya mtaa ambako yatabandikwa ubaoni ili kila mzazi ayasome. Kama jambo mojawapo haliwezekani, tuandikiwe hivyo pamoja na sababu yake, nasi tutalijadili jinsi lilivyo. Kwamba faili liko kwa mhandisi tumekwisha kuelewa. Tunaomba sasa mhandisi mwenyewe aje, siku yoyote ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, avae viatu vya kutembelea, na gari lake aliache mbali kidogo na geti.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la nne,
Katibu wa Kamati ya Wazazi